Bunduki kiunoni haitafanya polisi wakuheshimu, mimi naishi Texas nawaambia

Mhariri,

Nimekuwa nikisoma kwenye ukurasa wenu wa barua na pia huko mtandaoni hii hoja ya vijana wetu kwamba Kenya nayo ifanye kama Texas, raia aruhusiwe kutembea na bunduki kiunoni peupe, ati polisi wakijua na sisi tuko nazo watatuogopa na hakuna mtoto wa mtu atapigwa risasi tena barabarani. Hoja inatoka wapi naelewa kabisa. Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, sote tuliona, waliokuwa huko Nairobi na sisi tuliokuwa huku tukiangalia kwa simu usiku kucha, vijana wana bendera na chupa za maji na wanaimba wimbo wa taifa alafu wanaanguka. Tume ya haki za kibinadamu, KNCHR, kufikia Julai 1 ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Mtu akiona hivyo na akasema nipeni bunduki, mimi siwezi kumwita mjinga, uchungu ndio unaongea.

Lakini naishi hapa Grand Prairie, katikati ya Dallas na Fort Worth, mahali penyewe hao vijana wanapapigia mfano, na naomba wanisikize kidogo kabla hawajaendelea kuitamani hii kitu.

Kwanza ilivyo. Texas bunduki ndefu kama AR-15 mtu alikuwa anaweza kubeba peupe tangu zamani bila leseni. Bastola ndio ilikuwa na masharti, kuanzia Januari 1, 2016 mwenye leseni akaruhusiwa kuivaa ikionekana, alafu kuanzia Septemba 1, 2021 hata leseni ikaondolewa, mradi wewe ni mtu mzima ambaye sheria haimkatazi kuwa na silaha na iko kwenye holsta yake, ile ala ya bastola. Hapo nyuma kuna rekebisho la pili la katiba yao, la 1791, na Mahakama yao ya Juu ilisema mwaka 2008 kwamba hiyo ni haki ya mtu binafsi kuweka bunduki nyumbani, na 2022 ikasema haki inaendelea hata nje ya nyumba. Kwa hivyo huku ni haki, si kibali kama chetu cha Firearms Act Sura 114 ambacho Bodi ya Leseni inakupa na inaweza kukunyang'anya.

Sasa ukiingia kwa maduka huku uangalie mlangoni. Utaona vibao vikubwa vimeandikwa Kiingereza na Kihispania, 30.06 na 30.07, hizo ni namba za vifungu vya sheria, kimoja kinakataa bunduki iliyofichwa na kingine kinakataa iliyo wazi, na sheria inasema hadi ukubwa wa herufi. Walmart wenyewe baada ya yule mtu kuua watu 23 dukani mwao El Paso, Agosti 2019, waliwaomba wateja wasiingie tena na bunduki peupe hata kama sheria inaruhusu. Hii ni kampuni inauza bunduki! Wenyeji wanaopenda silaha kuliko mtu yeyote duniani, wengi wao hawataki kuiona ya jirani wakiwa wananunua maziwa na watoto.

Na kitu kikubwa kinachonifanya niandike hii barua ni Dallas, Julai 7, 2016. Kulikuwa na maandamano mjini, watu walikuwa wamekasirika juu ya weusi wawili waliouawa na polisi wiki hiyo hiyo, mmoja Baton Rouge, mwingine Minnesota. Kama watu ishirini hivi kwenye maandamano walikuja na bunduki zao begani, kihalali kabisa, hakuna sheria walivunja, yaani ndio picha yenyewe ambayo vijana wetu wanaichora, mwandamanaji mwenye silaha ambaye polisi wanamwangalia tu. Alafu mtu mmoja akaanza kufyatua risasi kutoka pembeni, akaua polisi watano. Hapo ndio ilionekana hiyo haki ina thamani gani. Polisi hawakujua nani ni nani, mayowe kila mahali, watu wenye bunduki wanakimbia huku na kule, na kijana mmoja mweusi aliyekuwa ameandamana na AR-15 yake akiwa na kaka yake, polisi wakaweka picha yake kwa Twitter wakisema huyu ni mshukiwa, tusaidieni kumtafuta. Hakuwa amefanya kitu. Risasi zilipoanza alimpa askari bunduki yake kwa mkono. Picha ikazunguka dunia nzima, ikakaa hapo kwa saa nyingi hata baada ya yeye kujipeleka na kuachiliwa, na vitisho vya kuuawa vikaanza kuingia. Fikiria ni askari gani angemwona kwanza kwenye kona yenye giza kabla yeye hajapata nafasi ya kutoa hiyo bunduki. Mkuu wa polisi wa Dallas wakati huo, David Brown, naye mweusi, alisema wazi kwamba watu wakitembea na AR-15 kwa umati na risasi zikianza, polisi hawawezi kutofautisha mtu mzuri na mbaya.

Na huyo wa Minnesota aliyekuwa ameuawa siku moja kabla, Philando Castile, hebu niambieni kesi yake ni ya nini kama si hii. Alikuwa na leseni ya kubeba. Alisimamishwa kwa gari, akamwambia askari kwa adabu kwamba ana bunduki, vile mtu hufundishwa kufanya. Askari akapiga risasi saba. Mchumba wake alikuwa kando, mtoto wa miaka minne nyuma ya kiti. Na Juni 2017 korti ikamwachilia huyo askari. Haki alikuwa nayo, karatasi alikuwa nayo, adabu alikuwa nayo, na bunduki ndiyo ilikuwa sababu ya kumuua na ndiyo ikawa utetezi wa aliyemuua.

Mtu asiniambie hiyo ni ya weusi wa Amerika tu. Arvada, Colorado, Juni 2021, mzungu mmoja raia wa kawaida alitoka dukani akampiga mtu aliyekuwa ameua polisi, akaokoa watu wengi sana, na aliposhika bunduki ya yule muuaji mkononi akifika askari wa pili akampiga huyo shujaa akafa. Askari akifika mahali pana risasi anaona mkono wenye bunduki, basi, wewe ni nani atajua baadaye.

Na sisi pia tuna Westgate, lile jumba la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi Septemba 21, 2013. Wale raia wenye leseni walioingia na bastola zao kuokoa watu mimi nawaheshimu hadi kesho, walienda wakati wengine walikuwa wanangoja amri. Lakini mkumbuke pia kwamba afisa wa Recce, kile kikosi maalumu cha polisi wa GSU, aliuawa mle ndani kwa risasi za wenzake wa upande wa serikali kwa sababu hawakutambuana. Hao ni watu wamefunzwa, wana redio na wana makamanda. Sasa toa hao uweke raia mia tatu na bastola kwa Tom Mboya Street, wengine wamekunywa, wengine wamekasirika, wengine ni majambazi tu wamechomeka shati kama wewe.

Nikiongea juu ya majambazi kuna jambo lingine watu hawalifikirii. Bunduki ikishakuwa kitu cha kawaida kuonekana, polisi hawana sababu ya kumsimamisha mwenye nayo. Colorado Springs, Oktoba 31, 2015, mama mmoja aliona mtu na bunduki ndefu karibu na nyumba yake akapigia polisi simu, akaelezwa kwamba katika jimbo hilo kubeba peupe kunaruhusiwa. Muda mfupi baadaye huyo mtu akaua watu watatu. Mama aliona, alipiga simu, alifanya kila kitu sawa, lakini sheria ilikuwa imeshasema hicho alichokiona si kitu.

Alafu vijana wanaongea kama Kenya hatujawahi kujaribu. Si tunajaribu kila siku huko Bonde la Ufa la juu? Turkana, Pokot Magharibi, Samburu, sehemu za Baringo, mtu anachunga ng'ombe na AK-47 begani na hakuna anayeshangaa, kila boma iko nayo kwa sababu boma ya jirani iko nayo. Je, polisi wanawaogopa? Ndio, wanawaogopa, Novemba 2012 kule Baragoi waliuawa polisi zaidi ya arobaini kwa siku moja. Na je wananchi wako salama? Waulizeni akina mama wa Kapedo. Waulizeni walimu waliokimbia shule. Februari 2023 serikali ikapeleka jeshi na polisi, Operesheni Maliza Uhalifu, na wanaoumia kwenye operesheni kama hizo ni wale wale, mwenye bunduki na asiye nayo wanapigwa kiboko kimoja. Uganda upande wa pili wa mpaka ni hadithi hiyo hiyo, Wakaramojong walipata bunduki kwa wingi 1979 walipovunja ghala la kambi ya Moroto Amin alipoanguka, na kuzitoa kumechukua miongo na maisha ya watu wengi mno. Bunduki kuingia ni siku moja.

Na mtu asidhani serikali yoyote itakaa tu ikiangalia watu isiowapenda wakibeba silaha peupe. Hapa hapa Marekani, Mei 2, 1967, Black Panthers, kile chama cha weusi, waliingia bunge la jimbo la California kule Sacramento na bunduki zao, kihalali. Mswada wa kukataza kubeba silaha iliyo na risasi hadharani ulikuwa tayari unasukumwa kwa sababu yao, na kabla mwaka haujaisha ulikuwa sheria, umetiwa sahihi na gavana Ronald Reagan, huyo huyo ambaye wapenda bunduki wanamwona kama baba yao. Mnafikiri ya Nairobi itakuwa tofauti? Leseni watapata watoto wa wakubwa na walinzi wa wanasiasa na wale wahuni wa kukodiwa siku za maandamano, nyinyi mtabaki na ile kesi ya kupatikana na silaha.

Kitu kinachoniuma ni kwamba vijana wanataka kutupa ile nguvu kubwa waliyo nayo. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 37, inasema mtu ana haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Bila silaha. Watu wanaona kama ni udhaifu. Juni 2025 yule kijana aliyekuwa anauza barakoa Nairobi alipigwa risasi ya kichwa karibu kabisa, kamera zikinasa, na dunia nzima iliona mikononi ana barakoa tu. Polisi hawangeweza kutoa ile taarifa yao tunayoijua sote, ati mshukiwa alikuwa amejihami na akakaidi amri ya kujisalimisha. Askari alishikwa na akafikishwa kortini kwa mauaji. Sasa weka bastola kiunoni mwa huyo kijana, bastola halali, yenye leseni na risiti. Hiyo kesi ingeanza? Mimi naamini ingeishia kwa OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, siku hiyo hiyo, na mama yake angezika mtoto aliyeitwa jambazi.

Niwaombe pia wazazi wenye watoto waliokuja huku kusoma, muwaambie, sheria ya taifa la Marekani inakataza mtu aliye huku kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Texas kusema leseni haihitajiki hakumhusu yeye. Naona picha za vijana wetu wameshika bunduki za marafiki kwa renji, pale pa kulenga shabaha, wanaweka Instagram, hiyo inaweza kuwa jela na kurudishwa nyumbani, masomo yote ya miaka na mashamba yaliyouzwa yakaenda.

Wanaotaka polisi wabadilike wako sawa na mimi niko na wao. Basi tudai yale yanayoweza kuwabana. Askari kwa maandamano avae sare na namba yake ya kazi ionekane, si yule wa jaketi na barakoa usoni anashuka kwa gari lisilo na namba. Risasi za kila bunduki inayotoka kituoni zihesabiwe ikitoka na ikirudi, na hiyo rejista IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, waione bila kungojeshwa miezi. Na nyinyi wa gazeti, kesi za wale waliouawa Juni 2024 naomba mziandike moja baada ya nyingine, iko korti gani, iliahirishwa mara ngapi na kwa sababu gani, hata kama wasomaji watachoka, sisi wa huku tutasoma.

Msomaji wenu,
Grand Prairie, Texas