Wifi, mwanangu hakunyimwa chakula tumboni

Wifi yangu,

Kadi ya harusi nimeipata. Hongera, umelea mpaka mwali amepata mume. Nitakuja, na mtoto nitakuja naye, ndiyo maana naandika kabla hatujakutana jikoni tukaanza kuchekeana kama hakuna kitu.

Siku ya akika ulimfungua nepi mbele ya kina mama wote. Ukatazama, ukamgeukia mama mkwe: "Mwanamume gani huyu? Kanyimwa chakula tumboni, si mama yake alikuwa hali." Wakaguna. Ukanirudishia mtoto nepi ikiwa wazi. Kwa nini hukuifunga, wifi?

Sasa nisikilize. Chini ya ubongo kuna tezi, pituitari, hata kwa mtu mzima haizidi punje ya njegere. Sehemu yake ya mbele huanza kama kifuko kwenye paa la kinywa cha kijusi, wiki ya 4 hivi, mimi hapo hata mimba sijaijua. Mwaka 1972 madaktari Selna Kaplan, Melvin Grumbach na mwenzao walionyesha kwamba homoni ya ukuaji katika damu ya kijusi hufika kilele kati ya wiki ya 20 na 24, kisha hushuka kuelekea kuzaliwa. Lakini tumboni mtoto haitegemei sana homoni hiyo. Hukuzwa zaidi na chakula kinachopita kwenye kondo na insulini yake mwenyewe. Ndiyo maana wangu alitoka na kilo tatu na ushei. Aliyenyimwa chakula hutoka hivyo?

Na huo uume wake mdogo uliowaonyesha watu: kuumbika kwake mwanzoni hutegemea homoni ya kondo, kukua kwake baadaye hutegemea pituitari ya mtoto. Pituitari yake haikutoa homoni za kutosha. Basi.

Kesho yake baada ya akika, usiku, sukari ya damu iliposhuka kwa upungufu huohuo akalegea, ni wewe uliyegombana na mlinzi wa geti la hospitali tuingie. Sijasahau. Ungekuwa mtu mbaya ningeshakusamehe zamani.

Ukienda kumtazama mzazi, msifie mtoto, kunywa uji, ondoka. Mimi sikurudi kwetu kwa kiburi, kama ulivyomwambia kaka yako. Kila mgeni alitaka kumwona mtoto kwa chini! Simu zako sikupokea kwa sababu nilikuwa najifunza kumchoma sindano mwanangu na mikono inatetemeka. Wewe ungepokea?

Harusini chooni nitakwenda naye mwenyewe. Haidrokotisoni yake, dawa ya kujazia homoni anayopungukiwa, iko kwenye pochi yangu. Akipata homa dozi inaongezwa. Akitapika ni sindano na hospitali, si chai ya mchaichai. Ukimwona amelegea pembeni niite, hata kama bibi harusi ndiyo kwanza anaingia.