Vazha-Pshavela hakuishia ualimu

Mhariri,

Miaka yote nimesoma ukurasa wenu wa fasihi nikanyamaza, ila makala ya Jumapili iliyopita imenishinda. Mliandika kwamba mshairi huyo wa Georgia alishindwa chuo kikuu Urusi, "akaishia kufundisha kijijini". Mwanachuo wa ualimu aliniletea gazeti, sentensi hiyo ameipigia mstari, akauliza kama ni kweli.

Si kweli. Luka Razikashvili, ndilo jina lake halisi, alihitimu seminari ya walimu ya Gori mwaka 1882. St. Petersburg alikwenda 1883, akiwa tayari ana ualimu mkononi, kusikiliza mihadhara ya sheria. 1884 akarudi kwa kukosa fedha. Hapo kushindwa kuko wapi? Tenzi zake kubwa zote zilikuja baada ya kurudi: "Aluda Ketelauri" 1888, "Bakhtrioni" 1892, "Mwenyeji na Mgeni" 1893, "Mla Nyoka" 1901. Alizitunga kwa lahaja ya milimani kwao Pshavi, lugha ya watu wa kijiji chake cha Chargali, walikolima na kuwinda. Akaki Tsereteli, mshairi mkubwa wa wakati ule, alimlaumu kwa lahaja hiyo, naye hakuiacha. Hata ndugu zake, Bachana na Tedo, walikuwa walimu na waandishi. Mtu wa namna hiyo mnamwandikia "akaishia"!

Na si yeye tu. Kila mkimtaja mwalimu wa kijijini aliyefanya jambo, lazima mtangulize "licha ya". Mnawaumiza watu wanaoamka alfajiri kwenda kufundisha.

Kisha tarehe. Mmeandika alizaliwa 14 Julai 1861, akafariki 10 Julai 1915. Ya kwanza ni ya kalenda ya Julian iliyotumika katika himaya ya Urusi, ya pili ni ya kalenda yetu. Tarehe ya karne ya 19 huongezwa siku 12, ya karne ya 20 siku 13: alizaliwa 26 Julai. Wala hakuna "Bwana Pshavela". Vazha-Pshavela ni jina la kalamu, maana yake karibu na "kijana wa Kipshavi", na halikatwi vipande.

Naomba masahihisho yatoke ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, na neno "akaishia" litajwe waziwazi kuwa limefutwa.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Morogoro