Makala za Jumamosi

Hamjambo wote. Tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbi ule ule wa Ngara, kuona kama makala zetu zinasomeka na wasioona. Atakayekwama kwenye foleni ya Thika Road aseme mapema.

Kila mtu aje na makala moja anayotaka kutuma jaridani. Tutaifungua kwa NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Tutazima skrini tusikilize. PDF iliyopigwa skani haitasema kitu, maana kwa programu hiyo ukurasa mzima ni picha tu. Na grafu isiyo na maelezo itatajwa "picha", basi, programu isonge mbele. Sasa mwanafunzi asiyeona atanukuu nini hapo?

Marekebisho mengi ni madogo. Tumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word badala ya kukoza maandishi tu. Eleza grafu inaonyesha nini. "Mchoro 2" si maelezo, jamani. Rangi pekee isibebe maana, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Kuna aliyeuliza kuhusu hakimiliki na nakala za breli, yaani maandishi ya nukta ambayo wasioona husoma kwa vidole. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017, unazitaka nchi ziruhusu mashirika yaliyoidhinishwa kutengeneza nakala hizo bila kumwomba ruhusa mwenye haki. Hata hivyo, mimi naona heri makala itoke ikiwa sawa tangu mwanzo kuliko kutiwa viraka baadaye.

Mkalimani wa lugha ya ishara atakuwepo. Lifti nayo inafanya kazi, nimehakikisha.