Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Wanachama wenzangu, mafundi wa ndege,

Rasimu ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi kati ya chama chetu na mwajiri, mnayo mikononi. Naanza nayo kwa sababu ndiyo iliyomeza mwaka wetu, na kwa sababu najua wengi wenu mlipoipata mlikimbilia jedwali la mishahara. Mna haki. Nyongeza ipo, ni ndogo kuliko tuliyodai, na tutaijadili mkutanoni bila kufichana. Hata hivyo nawaomba mrudi nyuma mkasome kwanza kifungu cha saini.

Kifungu hicho kinasema kwamba fundi mwenye leseni akikataa kuitia saini ndege, yaani kuthibitisha kwamba iko tayari kuruka, kwa sababu ya usalama, hatahamishwa, hatanyimwa saa za ziada, wala hataitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa ajili ya kukataa huko. Sababu zake zitaandikwa, na zitajibiwa kwa maandishi. Hakuna kifungu kilichotukalisha mezani kama hiki. Mwajiri alishikilia kwamba sheria za usafiri wa anga tayari zinampa fundi mamlaka hayo. Ni kweli, zinampa. Ila leseni ni ya fundi peke yake, ilhali shinikizo la kuitoa ndege kwa wakati linatoka kwa watu ambao majina yao hayaandikwi popote kwenye hati. Mambo yakiharibika, mchunguzi anakuta jina moja tu.

Mezani tulipeleka mfano wa ajali ya ndege ya British Airways, safari namba 5390, ya tarehe 10 Juni 1990. Kioo cha mbele kiling'oka ndege ikiwa angani na rubani akavutwa nje nusu mwili. Wenzake walimshikilia miguu mpaka ndege ikatua, akapona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa usiku wa kuamkia siku moja kabla ya safari hiyo. Kati ya bolti 90 zilizofungwa, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa na 6 zilizobaki zilikuwa fupi. Aliyezifunga alikuwa msimamizi wa zamu mwenyewe, aliyeamua kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake kwa sababu zamu ilikuwa na upungufu wa watu. Bolti alizichagua kwa kulinganisha na za zamani kwa macho, sehemu yenye mwanga hafifu, na utaratibu wa wakati huo haukudai mtu wa pili aje kukagua. Kila fundi wa zamu ya usiku aliyemo humu anaijua hali hiyo: watu pungufu, alfajiri inakaribia, ndege inasubiriwa.

Ndiyo maana tulidai pia muda wa makabidhiano ya zamu ulipwe. Tumeupata. Anayetoka na anayeingia watasimama pamoja mbele ya ndege, kazi iliyoachwa nusu ielezwe kwa mdomo na kuandikwa, na dakika hizo zihesabiwe kuwa kazi. Kwangu mimi huu ndio ushindi mkubwa wa mwaka, ingawa kwenye hati ya mshahara hautaonekana sana.

Tulikoshindwa ni kwenye kazi zinazopelekwa kwa wakandarasi wa nje. Tulitaka ukaguzi mkubwa ubaki kwenye karakana zetu. Tulichopata ni taarifa ya mapema na haki ya kushauriwa, basi. Baadhi yenu mlitaka tugome papo hapo, na uchungu huo ninauelewa. Kamati ilikataa, na nitaeleza kwa nini.

Tarehe 20 Agosti 2005, mafundi wa Northwest Airlines ya Marekani waligoma, wao pamoja na wasafishaji wa ndege, jumla yao karibu 4,400. Shirika lilitaka kupunguza takriban nusu ya nafasi zao na kukata mishahara kwa takriban robo. Madai yao yalikuwa ya haki. Lakini shirika lilikuwa limekwisha kuandaa mafundi mbadala kabla ya siku ya mgomo, na vyama vya marubani, wahudumu wa ndani ya ndege na wafanyakazi wa viwanjani havikugoma pamoja nao. Ndege ziliendelea kuruka. Mgomo ulifungwa Novemba 2006, na wengi hawakurudi kwenye kazi zao.

Mgomo ni haki yetu na hatujauweka kando. Ila fundi akigoma peke yake huku rubani anaingia chumba cha kuendeshea ndege kama kawaida, anayeumia ni fundi. Kwa hiyo mwaka huu tulianza vikao na chama cha marubani na cha wahudumu wa ndani. Havijazaa makubaliano ya maandishi. Marubani wanatusikiliza zaidi tunapozungumzia kifungu cha saini kuliko tunapozungumzia posho, na sioni ubaya: tuanzie hapo.

Kuhusu uwakilishi, tumebaki na wingi wa wanachama unaotupa haki ya kujadiliana kwa niaba ya mafundi wote. Pengo letu ni mafundi wa mikataba mifupi. Wengine wameambiwa kazini kwamba hawaruhusiwi kujiunga. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama anachokichagua, bila ubaguzi wowote na bila kuomba kibali. Wawakilishi wa matawi, hasa wa zamu za usiku, wapelekeeni fomu. Akifukuzwa mmoja wao kwa kujiunga, kesi hiyo ni yetu.

Hesabu za chama zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe.

Kura ya rasimu itakuwa ya siri na itapigwa katika kila zamu, ili aliye kazini asikose. Kamati inapendekeza mpige ndiyo. Mkipiga hapana, tutarudi mezani, na kifungu cha saini kitakuwa cha kwanza ambacho mwajiri ataomba kukifungua upya.

Mwenyekiti