Mhariri, ile jezi haina jini, ni msuli

Kwako Mhariri,

Salaam aleikum, na pole kwa kazi. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi hapa Lamu. Gazeti lenu huja na boti kutoka Mokowe, mpaka linifikie mkononi ni mchana, mara nyengine limeshasomwa na watu watatu na lina duara la kikombe cha kahawa juu ya picha ya gavana, na mimi huanza kurasa za nyuma, za siasa nasoma nikibaki na muda. Sasa wiki hii nimeanza hizo za nyuma nikaudhika, manake hata nyinyi mumeingia kwenye maneno ya barazani, eti jezi namba 9 ya Chelsea ina mkosi na imemla mwengine, yaani huyu straika wao kijana, Liam Delap. Maneno haya akisema mzee mmoja pale Mkunguni huku anasubiri zamu yake ya bao namuelewa, ni stori za jioni. Lakini gazeti?

Wacha niwaambie tulivyokuwa siku ile ya Disemba 6, 2025, Chelsea iko Bournemouth. Mechi ya saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, na hizi mechi za msimu wao wa baridi zina taabu moja hapa kwetu, mpira ukianza tu na Magharibi imefika. Tuko kibandani Langoni, shilingi 30 kila kichwa, feni moja inazunguka na moja imekufa. Adhana ikatoka, mwenye kibanda akazima sauti kama kawaida yake, picha akaiacha, tukatoka tukaenda kuswali. Mimi nimerudi mbio, viatu bado viko mkononi, naangalia skrini simuoni Delap, namuona Guiu, straika mwenzake, ndo anakimbia. Nauliza kulikoni, naambiwa bega. Kaanguka vibaya, katoka kabla hata ya mapumziko. Na huyo ndo kwanza alikuwa ametoka kwenye jeraha la miezi miwili!

Basi hapo kikaanza. Mmoja akasema si niliwambia, jezi ile ina jini. Mwengine akasema apelekewe kombe anywe, ile dawa ya maandishi ya Qur'ani. Wa nyuma kabisa huko akajibu, kombe gani tena na mwenzako keshabeba la dunia nzima. Kibanda kikavunjika kwa kicheko, na mimi nilicheka, sidanganyi, manake lilikuwa jibu zuri, Chelsea kweli walichukua Kombe la Dunia la Vilabu Julai 13 kule Marekani walipoinyoa PSG 3-0 na kijana alikuwa kwenye kikosi. Tena bao lake la kwanza akiwa na jezi ya Chelsea alilifunga kwenye mashindano hayohayo, dhidi ya Esperance ya Tunisia.

Hiyo hadithi ya jini naijua yote musidhani siijui. Torres alinunuliwa pauni milioni 50 Januari 2011 akapewa namba 9 na mabao yakamkataa. Morata aliivaa mwaka mmoja akaikimbia, akaenda kuvaa 29. Lukaku kaja 2021 kwa pauni milioni 97.5, ligi nzima kafunga mabao 8, mwaka wa pili hayupo. Hata Tuchel alipokuwa kocha pale alisema watu wanaiona jezi ile kama imelaaniwa na hakuna anaeitaka. Sawa. Lakini mbona hamuandiki habari ya Hasselbaink? Alivaa 9 hiyohiyo, klabu ileile, na msimu wa 2000-01 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 23. Jini lilikuwa limekwenda wapi mwaka huo, limekwenda Hijja? Na Tammy Abraham juzi tu, msimu wa 2019-20, mtoto wa akademia yao wenyewe, kaivaa na kafunga 15 kwenye ligi.

Sasa huyu Delap. Mimi namfuatilia kwa sababu ya babake kusema kweli, Rory Delap yule wa Stoke aliekuwa anarusha mpira kwa mikono kama anatupa mkuki, na ni kweli alikuwa mtupa mkuki shuleni. Enzi zile mpira ukitoka nje tu upande wa Stoke, mabeki wa Arsenal nyuso zinabadilika. Baba alichezea Ireland, mtoto kachagua Uingereza. Alianza akademia ya Derby, 2019 Manchester City wakamchukua na miaka 16, Septemba 2020 kocha wao Guardiola akampanga Kombe la Ligi na Bournemouth (ndio, Bournemouth walewale) akafunga siku yake ya kwanza, miaka 17. Msimu huohuo kwenye timu ya vijana ya City kafunga mabao 24 kwa mechi 20 za ligi yao, pamoja na Cole Palmer, na kocha wao alikuwa Maresca, huyuhuyu aliekuja kuwa kocha wa Chelsea na kumnunua. Kwa hivyo watu wanaosema Maresca kanunua mbuzi kwenye gunia, hapana, mbuzi anamjua tangu mdogo.

Halafu ndo nataka hapa mutulie kidogo. Baada ya mabao 24 yote hayo mukaona amefika, sivyo? Akapelekwa Stoke kwa mkopo, timu ya babake kabisa, kila mtu anamtazama kwa jicho la baba. Mechi 22 za ligi, mabao 3. Januari 2023 wakamtoa wakampeleka Preston, mechi 15, bao 1. Bao moja! Straika wetu hapa akipata bao moja kwa mechi 15 atafukuzwa mpaka nyumbani. Mwaka uliofuata akaenda Hull, huko akaanza kuamka, mechi 31 mabao 8, na kati yake akaumia goti. Ndo Ipswich wakatoa pauni milioni 15 na nyongeza juu mwaka 2024, na ndio kwanza Ipswich walikuwa wamerudi ligi kuu baada ya miaka 22. Timu ikashuka daraja, ya 19, pointi 22 tu msimu mzima, lakini yeye kwenye timu hiyo inayozama kafunga mabao 12. Mimi ni mtu wa boti, najua ilivyo kuvua kwenye mashua inayoingia maji, mkono mmoja una mshipi na mwengine unafua maji. Na moja ya hayo 12 aliwafunga Chelsea wenyewe, penalti, Disemba 30, 2024, Ipswich wakashinda 2-0. Timu iliposhuka mkataba ukasema atoke kwa milioni 30 basi na Chelsea ndio waliomchukua.

Yaani kijana huyu keshazama mara mbili kabla hata hajaiona hiyo jezi. Stoke na Preston hakuvaa 9 ya Chelsea, na mabao hayakuja pia. Ikawaje akarudi juu? Kwa sababu kila alipoanguka kulikuwa na timu nyengine Jumamosi inayofuata ya kumpa dakika.

Na hili la kuumia. Agosti 30 na Fulham alikamatwa na msuli wa nyuma ya paja, kwenye robo saa ya kwanza tu, ule msuli unaokatika mtu akifyatuka mbio mguu umenyooka mbele. Wakamuweka nje miezi miwili. Karudi Oktoba 29 kwenye Kombe la Ligi na Wolves, kaingia kipindi cha pili, hamu imemjaa, kapewa kadi mbili za manjano ndani ya dakika saba akatolewa nje. Hiyo mulimpiga munavyotaka na mimi niliungana na nyinyi, ule ulikuwa ujinga, timu ilikuwa inaongoza na mwisho wakaponea 4-3. Lakini ujinga ni ujinga, si jini. Novemba 25 na Barcelona, saa tano za usiku huku tumejifunga mashuka kwa upepo, kafunga la tatu, 3-0. Mbona siku hiyo hamukuandika kuwa jini limelala? Kweli kwenye ligi mpaka siku ile ya Bournemouth alikuwa hajafunga hata moja, sibishi hilo, lakini hesabuni dakika alizocheza kwanza ndo muhesabu mabao.

Pengine munajiuliza huyu nahodha wa Lamu kimemuwasha nini na mambo ya London. Nitawambia, na jina la mtu sitataja.

Jioni nikishafunga boti nafundisha vijana mpira hapa mtaani, si kocha wa vyeti, ni kocha wa filimbi tu. Nina kijana mmoja wa miaka 17, asubuhi anapakua mizigo gatini, jioni straika, mwembamba, ana mbio sijawahi kuona. Mwezi wa nane huohuo, tuko kwenye mechi ya kirafiki, kafyatuka na mpira upande ule mgumu wa uwanja (upande mmoja ni mchanga unazama, mwengine ni kama sakafu) mara nikamuona anashika nyuma ya paja na anaruka kwa mguu mmoja. Ukiona vile ushajua. Tukambeba, nyumbani akaitwa mzee mmoja wa kukanda, mafuta ya simsim ya moto, akamkanda usiku huohuo kwa nguvu zake zote na mtoto analia. Wala simlaumu mzee, mimi mwenyewe nilishika taa. Siku ya sita kijana akasema hapasikii tena, tukawa na mechi, nikampanga. Dakika ya kumi paja lilelile tena, na mara hii liliingia weusi mpaka nyuma ya goti.

Wote wawili msuli mmoja, mwezi mmoja. Mwenzake kapewa wiki nane, wetu nimempa siku sita. Mimi ndie niliempa, sitafuti wa kumbebesha. Baadae nikaja kuambiwa na kijana mmoja anaesomea udaktari Mombasa, kuwa msuli mbichi ukikatika haukandwi na moto, unawekwa baridi na unafungwa, na kuwa ule msuli ukirudi mapema ndo hukatika tena palepale. Siku hizi nina kontena dogo kwenye boti, nikipita kwa watu wa samaki naomba barafu yao ya kuwekea nguru, inanuka lakini inafanya kazi.

Sasa sikilizeni kinachonikera. Kijana wangu nae anavaa 9. Tangu mambo ya mkosi yaanze kwenye simu na kwenye kurasa zenu wenzake wamembatiza Delap, wanamwambia jezi inakula kwako pia, na yeye ameanza kuamini, mamake keshaniuliza kwa heshima kabisa, mwalimu, haiwezekani mwanangu akabadilishiwa nguo? Kesho keshokutwa akipona ataingia uwanjani anaogopa fulana badala ya kuupasha moto msuli wake vizuri. Na hapa kwetu hakuna Stoke, hakuna Preston wala Hull. Akitoka kwangu atakwenda wapi kwa mkopo, Faza? Nauli ya boti ya Faza kwenda na kurudi ni pesa ya siku mbili gatini, na huko nako wana mastraika wao wamekaa benchi. Mtoto akipoteza msimu mmoja hapa ndo basi, utamuona mwakani kwenye baraza na muguka shavuni, anasimulia alivyokuwa na mbio.

Kwa hivyo ombi langu Mhariri ni dogo. Mumeweka ukurasa mzima wa nani kavaa namba ngapi tangu enzi za mitume, wekeni robo ukurasa siku moja muandike msuli wa paja ni nini, unakatika vipi, mtu akae nje wiki ngapi, muulize daktari wa mpira hapahapa Kenya wapo. Na mukimuandika Delap andikeni na Preston. Vijana wangu walikuwa hawajui kabisa kama alifunga bao moja mechi 15, walidhani alizaliwa Ipswich na mabao 12 mfukoni, nilipowambia walinyamaza kidogo halafu mmoja akasema, kumbe.

Kijana mwenyewe anaendelea vizuri, anatembea ufukweni kila alfajiri kabla ya kazi, mbio bado nimemkataza na kaskazi ndo inaanza kwa hivyo hata yeye anaona bora upepo upungue. Juzi alikuja botini akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kubadilisha namba, avae 29 kama Morata. Nikamwambia mwanangu, seti yetu tuliyopewa inaishia 16, na 16 yenyewe anayo kipa wa akiba.

Wasalaam,
Ni mimi nahodha wa boti,
Langoni, Lamu