Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: ndege ikishatua, nani atachoronga?

Mheshimiwa Waziri wa Madini,
Wizara ya Madini,
Dodoma.

YAH: OMBI LA FUNGU LA UCHORONGAJI KATIKA UTAFUTAJI WA SHABA, NIKELI, RISASI NA ZINKI ZILIZOFUNIKWA

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa mjiolojia ambaye sehemu kubwa ya miaka yake ya kazi ameipitisha akiwa ameinama juu ya masanduku ya sampuli za uchorongaji, yaani vipande vya mwamba vilivyotolewa kwa kutoboa ardhi, akisoma mwamba mita kwa mita. Wizara yako imejiwekea lengo la kuongeza eneo la nchi lililofanyiwa utafiti wa kina wa jiofizikia kwa kutumia ndege kutoka asilimia 16 hadi walau asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Ni lengo jema, nami ninaliunga mkono. Ombi langu ni kwamba kila bajeti ya kurusha ndege iandamane na fungu la kuchoronga, na fungu la kutunza kinachotoka ardhini, kwa sababu katika metali ninazozitaja hapa ndege haimalizi kazi, inaianzisha.

Machimbo ya zamani ya metali hizi yalijulikana kwa sababu madini yenyewe yalijitokeza juu. Risasi ya Mpanda, iliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals na kuifanya Serikali ya kikoloni ijenge tawi la reli kutoka Kaliua, ilionekana kwenye mishipa ya mwamba iliyofika usoni pa ardhi. Kule Katanga, nchini Kongo, wenyeji waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Mbelgiji kufika, na vilima vyenye shaba walivitambua kwa macho kwa vile miti haikustawi juu yake. Wakati wa vilima vya namna hiyo umepita. Tazama lililotokea magharibi ya Kolwezi, katika Katanga hiyohiyo iliyochimbwa viwandani kwa zaidi ya miaka mia moja: shaba ya Kamoa ilitambuliwa mwaka 2008 na ile ya Kakula mwaka 2016, chini ya mchanga ambao vizazi vya watafutaji viliupita bila kushuka garini. Haikuwapo kilima wala jiwe la kijani la shaba la kumwonyesha mtu, na kilichothibitisha shaba ile ni uchorongaji.

Sisi nasi tuna maeneo mapana yaliyofunikwa kwa udongo mzito wa mbuga, kwa mchanga, au kwa ule udongo mwekundu wa kokoto unaoficha mwamba mzima ulio chini yake. Tulirusha ndege juu yake zamani. Kati ya mwaka 1976 na 1980 karibu nchi nzima ilipimwa uga wa sumaku na mionzi asilia, ndege zikiruka takriban mita 120 juu ya ardhi, katika mistari iliyoachana kilometa moja. Kazi ile ilikuwa kubwa kwa wakati wake na hadi leo tunaitumia. Lakini chukua donge la nikeli lenye urefu wa mita 300: linaweza kulala lote katikati ya mistari miwili ya namna ile, ndege ikapita kushoto na kulia kwake, ramani ikatoka safi. Ndiyo maana mistari ya karibu zaidi, ya mita 200 au 250, si anasa ya wataalamu.

Hata hivyo, Mheshimiwa Waziri, kuna jambo ambalo asilimia peke yake hailisemi. Ndege haioni madini. Inapima tofauti za tabia ya mwamba, na kila kipimo kina mipaka yake. Mionzi asilia inayopokelewa angani hutoka katika tabaka la juu kabisa la ardhi, chini ya nusu mita, hivyo kwa madini yaliyofukiwa haina mengi ya kusema. Sumaku hupenya kwa kina na hutuonyesha umbo la miamba, nyufa zake na maungio yake, lakini risasi na zinki kwa kawaida hazina sumaku ya kutosha kujitambulisha. Kipimo kinachoyalenga moja kwa moja madonge ya shaba na nikeli yaliyoungana na salfa ni kile cha sumakuumeme: helikopta au ndege hubeba waya mkubwa wa mviringo, hupeleka umeme kwa mapigo, kisha husikiliza jinsi ardhi inavyojibu pigo linapokatika. Mwamba unaopitisha umeme vizuri hujibu kwa muda mrefu zaidi. Ninasihi, basi, kwamba katika mikanda yenye matumaini ya metali hizi, kama Ngara na Biharamulo, Mpanda, na Nachingwea, mkataba wa kurusha ndege uweke kipimo hicho tangu mwanzo, hata kama kitapunguza ukubwa wa eneo litakalopimwa. Ningependa tupate asilimia 40 yenye kipimo sahihi kuliko 50 ya kutangaza.

Nacho kipimo hicho kinadanganya. Kinywe (grafiti) hupitisha umeme vizuri kabisa, na nchi yetu imejaliwa kinywe. Maji ya chumvi na udongo wa mfinyanzi nao huitikia. Kule Kabanga, wilayani Ngara, miamba iliyobeba nikeli imejipenyeza ndani ya mashapo ya kale yenye kinywe na salfa, kiasi kwamba ishara ya thamani na ishara isiyo na thamani zinaweza kulala bega kwa bega kwenye ramani moja. Mtaalamu mzoefu atazipanga kwa uwezekano. Atalinganisha na sumaku, uzito wa miamba, na kemia ya udongo. Baada ya hapo anabaki na swali ambalo hakuna kompyuta inayolijibu, na jibu lake linapatikana kwa kuchoronga.

Mfano ninaoupenda ni wa Kanada. Mwaka 1959 kampuni ya Texas Gulf Sulphur ilipima kwa sumakuumeme kutoka angani eneo la karibu na mji wa Timmins, jimboni Ontario, ikapata ishara miongoni mwa nyingine nyingi. Shimo la kwanza halikuchorongwa hadi Novemba 1963, kwa kuwa haki ya ardhi ilikuwa bado haijapatikana. Lilipochorongwa, likiwa na urefu wa takriban mita 200, lilitoboa shaba na zinki za mgodi ulioitwa Kidd Creek, mmoja wa migodi mikubwa ya aina yake duniani. Kwa miaka minne ile kampuni ilikuwa na karatasi yenye doa tu, na hakuna aliyejua kilicho chini yake. (Kilichofuata ni kesi maarufu mahakamani Marekani, kwa sababu baadhi ya waliojua matokeo walinunua hisa kabla ya kuyatangaza. Hilo nalo linatuhusu, maana thamani ya shimo moja inaweza kuwa kubwa kuliko maadili ya anayelisimamia.)

Sasa niseme kuhusu mashimo yanayokosa, kwa sababu ndiyo mengi, na ndiyo tunayoyadharau. Shimo lililokosa madini kwa mita 60 halitofautiani, kwa mhasibu, na shimo lililokosa kwa kilometa 60. Kwa mjiolojia tofauti ni kubwa. Kifaa cha sumakuumeme kikiteremshwa ndani ya shimo hilo kinaweza kuhisi donge lililo pembeni, makumi ya mita kutoka kwenye ukuta wa shimo, na kuonyesha lipo upande gani. Sampuli zenyewe hueleza kama tumeingia kwenye mwamba mzazi wa madini au tumeupita. Kabanga haikutokana na shimo moja la bahati: ilianza kufahamika kwa utafiti wa mradi wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, miaka ya 1970, ikapita katika mikono ya kampuni kadhaa, kila moja ikichoronga juu ya maarifa ya iliyotangulia, hadi leseni maalumu ya uchimbaji ilipotolewa mwaka 2021 na Serikali kushika hisa za asilimia 16. Kama sampuli na kumbukumbu za waliotangulia zingetupwa, kila mpya angeanzia sifuri.

Na zinatupwa. Miaka iliyopita nilipelekwa kukagua sampuli za eneo ambalo mwenye leseni wa awali alikuwa amekwisha ondoka. Nilikuta banda lisilo na paa. Masanduku ya mbao yalikuwa yameliwa na mchwa, namba zimefutika kwa jua, na sampuli za mashimo zaidi ya kumi na mawili zimelala kwenye rundo moja kama kuni. Masanduku machache yaliyosalimika yalikuwa mabanda ya kuku katika nyumba za jirani, na siwezi kuwalaumu wenye kuku. Tulichoronga upya karibu na mashimo yaleyale, kwa gharama ileile, ili tujue kitu ambacho nchi ilikuwa imekwisha kukijua.

Sheria ya Madini haiko kimya juu ya hili. Mwenye leseni ya utafutaji anapaswa kuwasilisha taarifa zake, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yaani GST, ndiyo mtunzaji wa takwimu za kijiolojia za Taifa. Anapohuisha leseni anarudisha sehemu ya eneo, na hapo ndipo pa kushikia: Tume ya Madini isipokee ardhi iliyorudishwa bila sampuli na vipimo vya ardhi hiyo, vyote, vya mashimo yaliyopata na yaliyokosa. Lakini GST haiwezi kupokea mamia ya kilometa za mwamba bila maghala. Finland, ambayo ardhi yake pia imefunikwa, kwa udongo ulioachwa na barafu ya kale, ilirusha ndege nchi nzima kati ya mwaka 1972 na 2007 kwa mistari ya mita 200, ikipima sumaku, mionzi na sumakuumeme kwa pamoja, na ina ghala la taifa la sampuli za uchorongaji huko Loppi ambako mtafutaji yeyote anaweza kwenda kufungua sanduku la miaka mingi iliyopita. Kazi ya angani iliwachukua miaka 35. Sisemi tusubiri kiasi hicho. Ninasema waliijenga ghala huku wakiruka.

Kuhusu wananchi nitasema kwa ufupi. Helikopta inayoruka chini huku inaning'iniza duara kubwa la waya juu ya mashamba na mifugo huzua hofu na uvumi. Mikutano ya vijiji na redio za jamii zitangulie angalau wiki mbili, na waelezwe pia kwamba kupimwa kwa eneo hakumaanishi kwamba wanahamishwa.

Ninaomba, kwa bajeti ijayo, uielekeze GST ipewe fungu lake la mashimo ya rejea, yaani ya kulinganishia na vipimo vya angani, hata machache kwa kila eneo litakalopimwa, yachorongwe na Serikali yenyewe na matokeo yake yawekwe wazi kwa bei ambayo mchimbaji mdogo wa Mpanda anaweza kuilipa. STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, ina mitambo ya kuchoronga iliyonunuliwa kwa ajili ya wachimbaji wadogo, na nisingependa wanyang'anywe. Fungu hili liwe jipya. Ninaomba pia kwamba taarifa yako ya mwaka bungeni, pamoja na kutaja asilimia ya nchi iliyorukiwa, itaje kwa kila eneo idadi ya ishara zilizoonekana, zilizofuatiliwa kwa miguu, zilizochorongwa, na kilichopatikana katika kila shimo, hata kama ni kinywe kitupu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mjiolojia wa utafutaji,
Mpanda, Katavi.