Jiko la mkaa chumbani: muuaji si hewa ukaa

Mhariri,

Baridi ikiingia nyanda za juu, habari ni ile ile: familia imelala na jiko la mkaa chumbani, asubuhi hawakuamka. Magazeti mengi huandika kwamba wameuawa na "hewa ukaa", yaani kaboni dioksaidi, ile tunayoitoa kwa pumzi. Naomba nafasi nisahihishe: muuaji ni gesi nyingine ya mkaa, kaboni monoksaidi. Nasema hivi kwa sababu anayeamini ni hewa ukaa hudhani hewa ikichafuka atabanwa kifua, ashtuke, afungue dirisha. Hatashtuka.

Hewa ukaa mwili unaijua. Huitengeneza wenyewe, kama mililita 200 kwa dakika mtu akiwa amepumzika. Kiasi kidogo, chini ya asilimia 10, huyeyuka tu katika majimaji ya damu. Karibu moja ya tano hujishikiza kwenye himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, lakini pembeni, si pale inapokaa oksijeni. Iliyobaki, takriban asilimia 70, huingia ndani ya chembe nyekundu, ambamo kimeng'enya huiunganisha na maji mpaka ikawa baikaboneti na kusafiri hivyo hadi kwenye mapafu, inakogeuzwa tena kuwa gesi na kutolewa kwa pumzi. Ikizidi hata kidogo, asidi ya damu hupanda, ubongo huamka na mtu huanza kuhema. Hiyo ndiyo kengele ya mwili.

Kaboni monoksaidi haiigusi kengele hiyo. Haina rangi wala harufu, na huendelea kutoka hata mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi umekatika, yaani saa ile ile watu wanaposema jiko limeiva, liingizwe ndani. Ndoo ya maji pembeni ya jiko haisaidii, kwani gesi hii haiyeyuki katika maji ila kidogo sana.

Ndani ya damu hukalia kiti cha oksijeni chenyewe, juu ya chuma cha himoglobini, na hung'ang'ania hapo kwa nguvu mara 200 hadi 250 kuliko oksijeni. Kila himoglobini ina nafasi nne. Mbili zikichukuliwa, hasara si nusu tu: zile mbili zilizobaki hushika oksijeni kupita kiasi, zikakataa kuiachia kwenye moyo na ubongo. Ndiyo maana aliyepoteza nusu ya himoglobini kwa gesi hii yuko hatarini kuliko mwenye upungufu wa damu wa kiwango hicho hicho.

Kosa lingine hutokea kwenye zahanati. Kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hutambua damu kwa mwanga na rangi, nayo himoglobini yenye monoksaidi kwake ni nyekundu kama yenye oksijeni. Mgonjwa ambaye asilimia 40 ya himoglobini yake imeshachukuliwa anaweza kuonyesha oksijeni ya asilimia 98, akarudishwa nyumbani na dawa ya malaria kwa sababu kichwa kinauma na anatapika. Aulizwe kwanza: mlilala na jiko? Wengine nyumbani wanaumwa? Nyumba nzima kuamka na kichwa asubuhi moja, tena bila homa, ni dalili ya kutiliwa shaka kabla ya kitu kingine.

Ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango na madirisha, mtoe nje, mlaze ubavu, mkimbize hospitali yenye oksijeni. Asinyweshwe maziwa; hayaondoi gesi kwenye damu, na aliyezimia yataingia mapafuni. Hospitali apewe oksijeni kwa barakoa yenye mfuko, lita 10 hadi 15 kwa dakika, hata kama kipimo cha kidole kinasoma 99. Kwa hewa ya kawaida nusu ya monoksaidi huchukua saa nne hadi tano kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni tupu ni kama saa moja na nusu. Mjamzito aongezewe muda hata akisema amepona, kwa kuwa damu ya mtoto aliye tumboni huchelewa kuiachia gesi hii kuliko ya mama.

Mhudumu wa afya,
Njombe